Mtoto Achanjwe Pale Alipolala

Hotuba iliyotolewa Nansio, Ukerewe, mbele ya wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na viongozi wa mialo, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki. Imeandikwa hapa kwa ajili ya wenzetu ambao mashua haikuwawahisha.

Waheshimiwa madiwani, ndugu zangu wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenyeviti wa mialo, matajiri wa mitumbwi mlioacha kazi kuja kutusikiliza, mama zangu mnaokaanga na kuanika dagaa: wakubwa wangu shikamooni, wenzangu habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie chanjo visiwani, kwa wenyeji na kwa wageni. Nitasema jambo langu mapema ili hata atakayewahi kivuko cha Rugezi aondoke nalo. Mtoto achanjwe pale alipolala usiku wa jana. Asiulizwe kwanza katoka mwalo gani, wilaya gani, wala nchi gani. Na siku ya kumfuata kwa huduma ya mkoba, yaani chanjo inayopelekwa walipo watu, tuipange kwa kutazama mwezi wa angani kabla ya kutazama kalenda ya ukutani.

Hili la mwezi ndilo lenye kazi kubwa, naomba tukae nalo kidogo.

Wavuvi hapa hamhitaji kufundishwa, lakini wapo wauguzi wapya waliotoka vyuoni bara. Dagaa wa ziwa letu hili la Victoria anavuliwa gizani. Taa zinawashwa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, dagaa wanakusanyika kwenye mwanga, nyavu zinavutwa. Mbalamwezi ikishika anga, taa hazina kazi. Kwa hiyo kila mwezi kuna wiki, pengine siku kumi, mitumbwi ya dagaa inapumzika. Giza likirudi, kazi inarudi.

Sasa tazameni asubuhi ya wakati wa giza pale mwaloni. Mitumbwi inaingia alfajiri. Akina mama wanapokea, wanapima ndoo, wanabishana bei, halafu jua likitoka wanaanika, juu ya mchanga au juu ya vichanja. Kuanzia hapo mpaka mchana hakuna anayeondoka. Dagaa anageuzwa. Wingu likitokea upande wa ziwa, wanakimbia kuanua, kwa sababu dagaa aliyenyeshewa hana mnunuzi wa chakula cha watu, anakwenda kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mama ana mtoto wa miezi tisa mgongoni, na mtaji wake wote, pengine wa mkopo, umetandazwa chini. Saa hiyohiyo, saa mbili hadi saa sita, ndiyo saa tunayofungua kliniki ya chanjo, halafu tunaandika kwenye ripoti kwamba mwitikio wa jamii ni mdogo.

Mwitikio si mdogo. Saa ndiyo mbaya.

Mwezi wa angani una siku 29 na nusu hivi. Mwezi wa kalenda kwa kawaida una 30 au 31. Ukipanga huduma ya mkoba iwe kila Jumatano ya pili, mara nyingine itaangukia mbalamwezi na mara nyingine itaangukia giza totoro, nawe hutaelewa kwa nini mwezi wa tatu ulipata watoto wengi na mwezi wa tano ukapata wachache. Utalaumu mila, utalaumu waganga, utalaumu uvumi. Uvumi upo, sikatai. Lakini kabla ya uvumi tuangalie anga.

Wapo watakaosema: mbalamwezi ikiingia, wavuvi si wanarudi makwao? Ndiyo, wanaume wengi huondoka, hasa wenye wake bara. Lakini mama aliyehamia kambi ya uvuvi na watoto, mara nyingi anabaki, na asubuhi yake iko wazi. Kwa hiyo napendekeza safari mbili zenye kazi tofauti. Ya kwanza, siku za mbalamwezi, ya kuchanja watoto kwa nafasi, mama akiwa ametulia, aweze hata kuuliza maswali. Ya pili, fupi, siku mbili tatu baada ya giza kuanza, kwa ajili ya waliohamia. Mitumbwi ikihama kisiwa hadi kisiwa, kutoka Irugwa kwenda Ukara, kutoka Goziba kuja huku, inahama kipindi hicho. Safari hii ya pili inaweza kufanywa na mhudumu mmoja na daftari, akishirikiana na uongozi wa mwalo, kutambua nani kafika na mtoto wa umri gani. Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, anajua kila mtumbwi ulioingia. Anajua kabla yetu sote.

Jambo la pili ni kichupa.

Chanjo ya surua na rubela inakuja ikiwa unga, kichupa chenye dozi 10. Ukishachanganya na maji yake, una saa sita, halafu kilichobaki unamwaga. Kila muuguzi hapa anaijua hesabu inayopita kichwani: mtoto ni mmoja, nikifungua nitamwaga dozi tisa, wilaya itaniuliza kuhusu upotevu. Basi unamwambia mama, "Njoo Alhamisi, watakuwepo wengi." Huyo mama Alhamisi yuko kisiwa cha Kome, au Maisome, au karudi Musoma. Kwa mwenyeji wa Nansio, "njoo Alhamisi" ni usumbufu. Kwa mama wa kambi, ni kumnyima mtoto chanjo kwa lugha ya upole.

Shirika la Afya Duniani limelieleza hili kwa uwazi: kichupa cha surua kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Dozi tisa zilizomwagwa zinauma, lakini mgonjwa mmoja wa surua kwenye jamii isiyo na kinga anaambukiza watu 12 hadi 18, na virusi vyake hukaa hewani chumbani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka. Fikirieni vibanda vya kambi vilivyobanana, turubai kwa turubai. Nawaomba waratibu wa wilaya mlioko hapa, mtamkeni hadharani leo kwamba muuguzi wa kisiwani hataandikiwa barua kwa kufungua kichupa. Akitoka hapa bila kulisikia hilo kutoka kwenu, kesho atasema tena "njoo Alhamisi", na mimi sitamlaumu yeye.

Na hiyo Alhamisi ina maji katikati. Sisi ni watu tuliozika ndugu zetu wa kivuko cha MV Nyerere kilichozama Septemba 2018, watu 228, mita chache kutoka gati ya Ukara. Hakuna aliyemo humu ambaye anaona kuvuka ziwa na mtoto mchanga kuwa jambo jepesi. Mama anapokataa kuvuka kwa sababu upepo umechafuka, huyo ni mama mwenye akili.

Nije kwenye asilimia, maana hapa ndipo wenyeji na wageni wanapogombanishwa bila kosa lao.

Kiwango cha chanjo ni hesabu ya kugawanya. Juu unaweka watoto uliowachanja, chini unaweka watoto unaotarajiwa kuwa nao. Wa juu unawaona kwa macho. Wa chini wanatoka kwenye sensa na makadirio yake. Sensa yetu ya mwisho ilihesabu watu kufuatana na mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Rudini kwenye kalenda muone: mbalamwezi kamili ilikuwa tarehe 12, na mwezi ulikuwa unaandama tarehe 27. Usiku wa sensa ulikuwa wa giza. Usiku wa kazi. Kambi zilikuwa zimejaa. Waliolala kambini wakahesabiwa kambini, na hiyo ni haki kabisa, lakini wengi wao hawakuwa hapo baada ya siku chache, na makadirio ya miaka inayofuata yanaendelea kuwachukulia kana kwamba wamejenga.

Matokeo yake ni nini? Chukulia zahanati inayotarajiwa kuwa na watoto wachanga 40 kwa mwaka. Kambi ikihama, wanabaki 25, muuguzi akichanja wote 25 anaambiwa yuko asilimia 62 na nusu, anakemewa kikaoni. Kisiwa cha pili kilichopokea kambi kinachanja 52 kati ya 40, asilimia 130, kinapigiwa makofi, ilhali huenda wapo watoto 30 wengine waliokosa kabisa. Anayekemewa kafanya kazi yote. Anayepigiwa makofi ana surua mlangoni.

Kuna na hili la mtoto anayehesabiwa kuwa amekatisha chanjo. Mtoto kapata penta, ile chanjo moja ya kukinga magonjwa matano, dozi ya kwanza Ukara akiwa na wiki sita, ya pili kapata Goziba, ya tatu kapata Bunda. Amekamilisha! Lakini kwenye rejesta ya Ukara huyu ni mtoto aliyepotea, na kwenye rejesta ya Bunda ni mtoto aliyetokea hewani. Mfumo wa kielektroniki wa usajili wa chanjo, ule ulioanzia Arusha, umetengenezwa ili mtoto aonekane popote atakapofika. Nataka visiwa viwe wa kwanza kupewa vifaa, mtandao na sola ya kuuendeshea, kwa sababu ni huku ambako watoto wanahama zaidi. Huko bara wilayani, mtoto anayehama ni mmoja mmoja. Huku anahama na mtumbwi mzima.

Sasa niwageukie wenyeji wenzangu, maana tumezoea kusema magonjwa yanaletwa na "watu wa kuja".

Ndui ilikwisha duniani, ikatangazwa hivyo mwaka 1980. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa Afrika Mashariki, Ali Maow Maalin, wa Merca, Somalia, Oktoba 1977. Dunia ilikuwa inahangaika na wafugaji wanaohamahama jangwani, na ilikuwa sahihi kuhangaika nao. Lakini mgonjwa wa mwisho hakuwa mfugaji wa kuhamahama. Alikuwa mpishi wa hospitali. Alifanya kazi ndani ya hospitali, na hakuwa na kinga. Aliwaonyesha njia wagonjwa wawili waliokuwa wanapelekwa kambi ya kutengwa, safari ya dakika chache tu kwenye gari, ikatosha. Alipona, na miaka ya baadaye akajitolea kuhamasisha chanjo ya polio nchini kwake mpaka alipofariki mwaka 2013.

Kwa nini namtaja? Kwa sababu kukaa jirani na zahanati hakumaanishi umechanjwa. Nendeni kwenye kadi za watoto wa hapa Nansio mjini, siyo kambini, mtafute dozi ya pili ya surua na rubela, ile ya miezi 18. Wazazi wengi wenyeji huona mtoto akishafika miezi tisa kazi imeisha. Anatembea, hapimwi tena uzito, kadi imewekwa chini ya godoro. Mama wa kambi amekosa kwa sababu ya kuhama. Mama mwenyeji amekosa kwa sababu hakuna aliyemkumbusha. Virusi havijali sababu, na kinga ya surua inataka asilimia 95 ya watoto wote, dozi mbili mbili. Huwezi kufika 95 kwa kuwasukumia wageni lawama.

Kuhusu wageni wenyewe, wale wa kuvuka mpaka. Ziwa hili ni letu kwa nusu hivi, sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya Uganda, na kipande ni cha Kenya. Samaki hana pasipoti na mvuvi anamfuata samaki. Tunapokea watu kutoka Homa Bay, kutoka visiwa vya Ssese huko Uganda, tunapokea Warundi na Wakongo wanaofanya vibarua. Mama wa namna hii anaogopa zahanati. Anaogopa kuwa akiulizwa "unatoka wapi" mara tatu, askari wa uhamiaji atakuja. Kwa hiyo anamficha mtoto, na sisi tunabaki na mtoto asiyeonekana kwenye takwimu ya nchi yoyote.

Zahanati siyo ofisi ya uhamiaji. Chanjo hizi zinatolewa bila malipo, na muuguzi anahitaji kujua mambo matatu tu: umri wa mtoto, alichokwisha kupata, na namna ya kumpata tena. Namba ya simu ya tajiri wa mtumbwi inatosha kwa hilo la tatu.

Kadi za kigeni zisiwatishe. Kenya na Uganda, kama sisi, penta ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na surua ni miezi tisa. Hata kama maandishi huyasomi, tarehe unazisoma. Tofauti zipo na ni vizuri kuzijua. Uganda wanachanja homa ya manjano, sisi hatumo. Kaunti za Kenya za kando ya ziwa, Homa Bay ikiwemo, zimekuwa na chanjo ya malaria tangu 2019, na Uganda wakaanza yao Aprili 2025. Mtoto aliyeanza chanjo ya malaria kule akaletwa kwetu katikati, dozi inayofuata hataipata kwenye zahanati zetu. Mwelezeni mama ukweli huo, mwandikie kwenye kadi, ili akirudi aendelee, na mpeni chandarua. Mimi naliona hili kuwa jambo la mawaziri wetu wa afya wa Afrika Mashariki kukaa na kulimaliza, maana mbu wa ziwa hili ni walewale.

Na asiye na kadi kabisa? Kadi imelowa, imezama, imebaki kwa bibi. Msimrudishe. Kama hakuna ushahidi, mchanje. Kurudia dozi hakumdhuru mtoto, kuikosa kunamdhuru. Na aliyechelewa haanzi upya, anaendelea alipoishia. Naona vichwa vinatikisika huko nyuma. Najua bado kuna vituo vinavyoanza upya, na mama akishaambiwa "tunaanza moja" anakata tamaa.

Nisiwasahau mabinti. Kambini kuna wasichana wa miaka 10, 12, 13 wanaopika, wanaolea watoto wa dada zao, hawako shuleni. Chanjo ya HPV, ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, tunaitoa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na kwa sehemu kubwa tunaipeleka shuleni. Tangu 2024 ni dozi moja tu. Moja! Kwa mtu anayehama hakuna habari njema kuliko hiyo: ukimkuta mara moja umemaliza. Ila lazima umkute, na hutamkuta darasani. Mhudumu anapokwenda kambini na kibeba chanjo kwa ajili ya wachanga, aweke na HPV humo, na aongee na mama lishe wa kambi. Mama lishe anawajua wasichana wote, kwani ndio wanaomsaidia kuosha vyombo. Kisha wajawazito na chanjo yao ya pepopunda. Hao pia wanajifungua kambini zaidi ya tunavyotaka kukiri.

Baridi sitaizungumza sana, mmeshafundishwa: nyuzijoto 2 hadi 8, na msisahau kuwa penta na ile ya nimonia zikiganda zimeharibika, hivyo barafu iliyotoka kwenye jokofu iachwe ianze kuyeyuka kabla ya kupangwa kwenye kibeba chanjo. Mtumbwini kibeba kikae kivulini, chini ya ubao, mbali na injini. Na kabla ya kuchanja, tazama kile kiduara cha kuonyesha joto kwenye kichupa: mraba wa ndani ukifanana rangi na duara la nje, hicho kichupa hakitumiki.

Kwa wenyeviti wa mialo na matajiri, ninyi nina neno la kwenu. Machi 2023 homa ya virusi vya Marburg ilizuka Bukoba Vijijini. Waliugua watu 9, wakafa 6, akiwemo mhudumu wa afya. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba. Marburg haina chanjo iliyoidhinishwa, na naitaja kwa sababu moja: usafiri wa kambini unafika kijijini usiku mmoja. Kama gonjwa lisilo na chanjo linaweza kuvuka hivyo, surua itavuka kwa urahisi zaidi, na hiyo tunayo chanjo yake ndani ya jokofu. Ninyi mnalipa mafuta, mnalipa taa, mnalipa ushuru wa mwalo. Nawaomba kitu cha bei ndogo: mtumbwi ukisajiliwa mwaloni kwako, uliza na idadi ya watoto chini ya miaka mitano waliokuja nao, andika, mpe mhudumu wa afya. Na safari ya mkoba ikikwama kwa mafuta, lita chache za tajiri mmoja zinawachanja watoto wa kambi nzima, wakiwemo wa mabaharia wako.

Waheshimiwa madiwani, fungu la mafuta ya boti ya huduma ya mkoba ndilo linalokatwa kwanza kila bajeti inapobana. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Safari hii lilindeni, kwa majina yenu, lionekane kwenye muhtasari.

Nimemaliza kusema. Mezani pale nyuma kuna kalenda zenye siku za mbalamwezi zimezungushiwa wino mwekundu. Kila mganga mfawidhi achukue moja, akae na mwenyekiti wa mwalo wake hapahapa kabla ya chakula, waandike tarehe mbili za mwezi ujao, waniletee nakala. Wa Irugwa na Ukara tuanze na ninyi, maana mashua yenu inaondoka saa nane.